Kompyuta Inayokesha: Programu za Uangalizi na Umeme Unaopotea Kwenye Kadi ya Picha



Kompyuta mpakato, ambazo wengi tunaziita laptopu, sasa ni sehemu ya kazi za kila siku katika ofisi za parokia, zahanati na shule. Humo huandikwa orodha za wanafunzi, hesabu za michango, taarifa za miradi ya maji na barua kwa wafadhili. Mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, au unafika na kukatika mara kwa mara, kompyuta hizo hutegemea paneli za jua na betri. Hapo ndipo kila wati inapokuwa na bei yake.

Makala hii inaeleza tatizo moja ambalo huonekana kama ubovu wa betri, kumbe betri haina kosa. Kompyuta iliyotarajiwa kufanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri inazimika kabla ya saa sita mchana. Feni inazunguka ingawa hakuna kazi nzito. Kamati inakaa, inajadili, na hatimaye inaandika ombi la betri mpya au paneli ya ziada. Pengine ombi hilo ni la haki. Lakini pengine kinachohitajika ni kufunga programu moja ndogo iliyo kwenye kona ya skrini, tena bila gharama yoyote. Lengo letu ni kuisaidia kamati kutofautisha hali hizo mbili kabla ya kutumia fedha.

KWA NINI LINUX, NA KWA NINI SASA

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaopatikana bila kulipia leseni. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux inayojulikana sana, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 2004. Tangu hapo mashirika mengi yenye fedha kidogo yameitumia, kwa kuwa inafanya kazi vizuri hata kwenye mashine zilizokwisha kutumika miaka kadhaa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Baadhi ya ofisi zimeamua kuziondoa, na baadhi ya wamiliki huona ni heri kuzigawa kuliko kuzitupa. Kuziwekea Linux ni njia nzuri ya kuendelea kuzitumia kwa usalama.

Hata hivyo, ieleweke kuwa kompyuta za msaada hazifanani. Kati yake zimo zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi, wasanifu wa majengo, watengenezaji wa filamu au wachezaji wa michezo ya kompyuta. Hizo huwa na nguvu kubwa na hupendeza machoni. Nyingi kati yake zina kadi mbili za picha, na hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

KADI MBILI NDANI YA KOMPYUTA MOJA

Kadi ya picha ni sehemu ya kompyuta inayotayarisha kila kinachoonekana kwenye skrini: herufi, picha na video. Katika kompyuta nyingi za ofisini sehemu hiyo imo ndani ya prosesa yenyewe. Inatumia umeme kidogo na inatosha kabisa kwa kuandika barua, kufanya hesabu na kutazama video.

Kompyuta zenye nguvu zaidi huwa na kadi ya pili inayojitegemea, ambayo mara nyingi hutengenezwa na kampuni ya NVIDIA au AMD. Kadi hiyo ina kumbukumbu yake na mfumo wake wa kupoozwa. Inafaa kwa michoro mizito, kuhariri filamu na kazi nyingine za namna hiyo. Inapofanya kazi kwa nguvu zote inaweza kutumia umeme mwingi kuliko sehemu nyingine zote za kompyuta zikijumlishwa.

Watengenezaji walijua tangu mwanzo kuwa kadi kama hiyo haiwezi kuachwa wazi muda wote, maana betri isingedumu. Kwa hiyo mwaka 2010 NVIDIA ilitangaza mpango unaoitwa Optimus: kadi ndogo ishike kazi za kawaida, na kadi kubwa ilale hadi inapohitajika. Kwa watumiaji wa Windows mpango huo ulikuja tayari. Kwa watumiaji wa Linux haukuja hivyo. Mwaka huohuo kiini cha Linux kiliongezewa njia ya kubadilisha kadi, na mwaka 2011 watu waliojitolea walianzisha mradi wa Bumblebee ili kompyuta za Optimus ziweze kutumika ipasavyo kwenye Linux. Ilipofika mwaka 2019 ndipo draiva ya NVIDIA yenyewe ilipoanza kuiwezesha kadi kulala kabisa kwenye Linux, tena kwa kadi za kizazi cha Turing, kilichoanza kutoka mwaka 2018, na zilizofuata baada yake.

Tunaeleza historia hii kwa sababu ina matokeo hadi leo. Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2016 na ile ya mwaka 2021 zinaweza kufanana kwa sura, lakini namna ya kuzilaza kadi zake ni tofauti. Tutarudi kwenye jambo hilo tutakapozungumzia marekebisho.

KADI INALALAJE?

Kadi inapokosa kazi, draiva yake husubiri kidogo, kisha huikatia umeme. Kwa draiva za wazi za nouveau na amdgpu, muda huo wa kusubiri kwa kawaida ni sekunde 5. Zikipita sekunde 5 bila mtu kuigusa kadi, inalala. Ikiguswa hata kidogo, inaamka, na kuhesabu kunaanza upya.

Kadi iliyolala kabisa hutumia umeme mdogo mno hata hauna haja ya kuhesabiwa. Lakini kadi iliyo macho, hata kama haina kazi yoyote, hutumia wati kadhaa; kwa kompyuta nyingi ni kati ya 5 na 10. Ni kama jenereta inayounguruma uani wakati nyumba nzima imelala. Haiwashi taa hata moja, lakini mafuta yanakwisha.

MWANGALIZI ANAYEMWAMSHA ALIYELALA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Watu wanaotunza kompyuta hupenda kuweka programu za uangalizi. Hizi ni programu zinazoonyesha prosesa inafanya kazi kiasi gani, kumbukumbu imebaki kiasi gani, joto limefika wapi na betri ina asilimia ngapi. Nyingine hukaa kwenye upau wa juu wa skrini, nyingine huchora mistari inayopanda na kushuka. Ni programu nzuri, na fundi makini hawezi kufanya kazi bila vipimo.

Tatizo linakuja pale programu hiyo inapouliza pia habari za kadi kubwa ya picha: joto lake, kasi ya feni yake, au umeme inaotumia. Ili kadi ijibu, mara nyingi ni lazima kwanza iamshwe. Programu inauliza kila baada ya sekunde 1 au 2. Kadi inahitaji sekunde 5 za utulivu ili ilale. Hivyo basi, utulivu huo haupatikani kamwe. Kadi inakaa macho asubuhi hadi jioni kwa sababu moja tu: kuna anayeiuliza kama imelala.

Kila mpishi anajua kuwa anayefunua sufuria kila dakika kuona kama wali umeiva ndiye anayeuchelewesha kuiva. Mvuke unatoka, mkaa unaongezwa, na wali bado ni mbichi. Kupima si vibaya. Lakini kuna kupima ambako kunakula kile kinachopimwa.

Baadhi ya programu zinazoweza kuleta hali hii ni hizi zifuatazo:

1. nvidia-smi, chombo cha NVIDIA chenyewe, hasa kikiachwa kijirudie chenyewe bila kukoma.

2. nvtop, inayoonyesha kazi za kadi ya picha kwa michoro. Pia btop, ambayo tangu mwaka 2024 imeongezewa uwezo wa kuangalia kadi za picha.

3. conky na viongezi vya upau wa juu vinavyoonyesha joto la kadi muda wote.

4. Programu zinazosoma vipimajoto vyote vya kompyuta kwa pamoja. Kwa kadi za AMD, katika matoleo mengi ya kiini cha Linux, kusoma tu joto la kadi kumetosha kuiamsha.

Hata amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, huweza kuiamsha kadi. Lakini amri hiyo hutumika mara moja na kwisha, na kadi hulala tena baada ya muda mfupi. Kinacholeta hasara ni kuuliza kusikokoma.

Kwa upande mwingine, programu ya top, inayoonyesha kazi za prosesa na kumbukumbu, haiigusi kadi ya picha. Kwa kawaida inajisasisha kila baada ya sekunde 3. Hivyo si kila programu ya uangalizi ni adui wa betri. La kuuliza ni hili: inaangalia nini, na kila baada ya muda gani?

HASARA YAKE NI KIASI GANI?

Tufanye hesabu kwa mfano mmoja. Tuchukue kompyuta yenye betri ya wati-saa 50. Kadi kubwa ikiwa imelala na mtumiaji akiandika barua, tuseme kompyuta inatumia wati 8. Ukigawa 50 kwa 8 unapata saa 6 na dakika 15. Sasa kadi ikikaa macho na kuongeza wati 8 nyingine, jumla ni wati 16. Betri ileile itadumu saa 3 na dakika 7 hivi. Nusu ya siku ya kazi imepotea.

Tuseme sasa ofisi na shule zina kompyuta tano za aina hiyo, zinazotumika saa 8 kwa siku. Wati 8 zinazopotea, mara kompyuta 5, mara saa 8, ni wati-saa 320 kila siku. Paneli ya jua ya wati 100, ikipata saa 5 za jua kali, kwa makaratasi hutoa wati-saa 500. Kutokana na vumbi, joto, nyaya, kuchaji betri na inveta, kinachofika kwenye kompyuta ni pungufu ya hapo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya paneli nzima inawalisha walinzi wanaolinda mahali pasipo na kitu.

Tuangalie pia upande wa betri. Betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini mafundi wa sola hushauri isitumiwe zaidi ya nusu ili idumu. Inabaki wati-saa 600 za kutumia. Kama kompyuta zinatumika jioni kwa kutegemea betri hiyo, upotevu wa 320 ni zaidi ya nusu ya akiba. Isitoshe, betri inayoshushwa chini sana kila siku hufa mapema, na kuinunua nyingine ni mzigo kwa waumini na wafadhili.

Hesabu hizi ni za mfano. Kila kituo kina vifaa vyake. Ndiyo maana sehemu inayofuata inaeleza namna ya kupata takwimu za kompyuta yako mwenyewe.

JINSI YA KUPIMA

Kazi hii inaweza kufanywa na mwalimu wa kompyuta, katibu wa parokia au kijana yeyote anayeweza kuandika amri kwenye dirisha la amri. Haihitaji kifaa cha kununua. Inachukua kama nusu saa kwa kila kompyuta.

Hatua ya kwanza: Chaji betri, kisha chomoa waya wa umeme. Weka mwanga wa skrini kiasi cha kawaida na usiubadilishe hadi mwisho wa kupima. Funga programu za kazi, lakini acha programu za uangalizi kama zilivyo siku zote.

Hatua ya pili: Subiri dakika 3, kisha andika amri hii:

upower -d

Tafuta mstari unaoanza na neno energy-rate chini ya habari za betri. Hizo ndizo wati zinazotoka kwenye betri kwa wakati huo. Andika namba hiyo kwenye daftari. Rudia mara mbili baada ya dakika chache ili uwe na hakika.

Hatua ya tatu: Angalia kama kadi imelala kwa kuandika amri hii:

grep . /sys/class/drm/card?/device/power/runtime_status

Kompyuta itatoa mstari mmoja kwa kila kadi. Neno active maana yake kadi iko macho. Neno suspended maana yake imelala. Kadi ndogo inayowasha skrini ni lazima iwe macho. Kadi ya pili ndiyo inayotakiwa kuwa imelala. Ukiona mstari mmoja tu, huenda kompyuta ina kadi moja au kadi kubwa imekwisha kuzimwa, na chanzo cha tatizo lako kiko kwingine.

Uzuri wa amri hii ni kwamba haiiamshi kadi. Haiulizi kadi yenyewe, bali inaiuliza Linux, ambayo inaweka kumbukumbu ya nani amelala na nani yuko macho. Ni sawa na kumuuliza mlinzi wa getini kama mgeni amelala, badala ya kwenda kumgongea mlango.

Hatua ya nne: Kama kadi zote mbili ziko macho, funga programu za uangalizi moja baada ya nyingine. Baada ya kufunga kila moja, subiri nusu dakika na urudie amri ya hatua ya tatu. Programu ambayo ikifungwa tu kadi inalala, ndiyo iliyokuwa ikiikesheza.

Hatua ya tano: Rudia amri ya upower baada ya dakika 3 na uandike wati mpya. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya pili ndiyo hasara uliyoiokoa. Ukiizidisha kwa saa za kazi utapata wati-saa za siku.

Kipo pia chombo kiitwacho PowerTOP, kilichotolewa na Intel mwaka 2007, ambacho huorodhesha programu zinazoiamsha prosesa mara nyingi. Kitumie kompyuta ikiwa kwenye betri. Makadirio yake ya wati kwa kila programu ni ya kukisia, hivyo yasichukuliwe kama risiti. Lakini orodha yake husaidia sana kujua wapi pa kuanzia.

MAREKEBISHO

Kama programu ya uangalizi ndiyo chanzo, yako mambo matatu ya kufanya. Kwanza, fungua mipangilio yake na uondoe kipengele cha kadi ya picha, ukiacha vile vya prosesa, kumbukumbu na betri. Pili, ongeza muda kati ya kipimo na kipimo. Kwa kazi za ofisi hakuna haja ya kujua joto la kompyuta kila sekunde. Tatu, iondoe kwenye orodha ya programu zinazojifungua zenyewe kompyuta inapowashwa, ili ifunguliwe pale tu fundi anapoihitaji.

Kama umefunga programu zote na kadi bado iko macho, angalia kama imeruhusiwa kulala. Andika:

grep . /sys/class/drm/card?/device/power/control

Neno auto maana yake kadi imeruhusiwa kulala yenyewe. Neno on maana yake imezuiwa, na haitalala hata ikikosa kazi siku nzima. Kwa hapo ni vema fundi arekebishe mipangilio ya draiva. Akumbuke pia kuwa kadi nyingi kubwa hubeba sehemu ndogo ya sauti kwa ajili ya waya wa HDMI. Sehemu hiyo isiporuhusiwa kulala, kadi nzima hubaki macho.

Kwa kadi za NVIDIA zilizotangulia kizazi cha Turing, zinazotumia draiva ya kampuni, kufunga programu za uangalizi peke yake hakutoshi, kwa kuwa draiva hiyo haiwezi kuzilaza kabisa zikiwa zimewashwa. Kwa Ubuntu njia rahisi ni kuizima kadi kubwa kwa amri hii, kisha kuwasha kompyuta upya:

sudo prime-select intel

Kompyuta itaendelea kwa kadi ndogo pekee, na kwa kazi za ofisi mtumiaji hataona upungufu. Siku kadi kubwa itakapohitajika, amri ileile hutumika kwa kuweka neno on-demand mahali pa neno intel, na kuwasha upya. Kwa kadi za Turing na zilizofuata, hali hiyo ya on-demand ndiyo inayofaa siku zote, maana kadi inaweza kuamka na kulala yenyewe.

MAMBO YA KUZINGATIA

Si kila kadi iliyo macho ni kosa. Katika kompyuta nyingi tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa. Ukichomeka projekta ili kuonyesha filamu ya mafunzo, ni lazima kadi hiyo iamke, na wati zitapanda. Kwa shughuli kama hiyo ni busara kutumia umeme wa jenereta au wa gridi kama upo, au kupanga muda mapema kwa kuzingatia akiba ya betri. Ikiwa umekwisha kuizima kadi kwa prime-select, huenda tundu hilo lisitoe picha kabisa. Jambo hilo lijaribiwe siku moja kabla ya semina, watu wakiwa bado hawajakusanyika.

Vilevile, betri za kompyuta huzeeka kweli. Kama kadi imelala, wati ni chache, na bado kompyuta inazimika baada ya saa moja, basi betri yake imechoka. Katika matokeo ya amri ya upower kuna mstari wa energy-full na mwingine wa energy-full-design. Wa kwanza unaonyesha betri inabeba kiasi gani sasa, na wa pili ilibeba kiasi gani ilipokuwa mpya. Kama wa kwanza umeshuka chini ya nusu ya wa pili, ombi la betri mpya lina msingi.

KWA KAMATI ZA PAROKIA NA WAFADHILI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunazishauri kamati zianzishe ukurasa mmoja katika daftari la vifaa, wenye safu tano: tarehe, jina la kompyuta, wati ikiwa imepumzika, hali ya kadi ya pili, na jina la aliyepima. Kupima mara moja kwa robo mwaka kunatosha, na mara moja zaidi kila kompyuta inapowekewa programu mpya. Wati zikipanda ghafla bila kazi kuongezeka, kamati itajua pa kuanzia kuuliza.

Ombi la betri au paneli likiambatanishwa na ukurasa huo, lina uzito mkubwa zaidi. Mfadhili ataona kwamba upotevu umekwisha kuzibwa na kwamba kinachoombwa ni hitaji lililobaki. Kwa upande wake, kamati itakuwa na uhakika kuwa haiombi paneli ya kulisha kadi zisizofanya kazi.

Kwa wafadhili na marafiki wanaotuma kompyuta, tunatoa ombi moja. Kabla ya kununua au kukusanya mashine za msaada, ulizeni kama zina kadi moja ya picha au mbili. Kwa ofisi na darasa linalotegemea jua, kompyuta ya kawaida yenye kadi moja ni zawadi bora kuliko ile ya kifahari yenye kadi mbili. Kama yenye kadi mbili ndiyo iliyopo, iandamane na maelezo ya aina ya kadi na mwaka ilipotengenezwa, ili fundi wa huku ajue mapema njia ya kuilaza.

Kwa mafundi na walimu wa kompyuta, tunasema: msiache kupima. Programu za uangalizi ni macho yenu. Lakini kipimo kiwe na wakati wake, kama vile muuguzi apimavyo joto la mgonjwa kwa saa zilizopangwa na kisha kumwacha apumzike. Kompyuta iliyopimwa vizuri leo asubuhi haihitaji kuulizwa tena kila sekunde hadi jioni.

Kabla ya kikao kijacho cha kamati, tunaomba kila kituo kipime walau kompyuta moja kwa hatua tano tulizozitaja, na kuandika namba mbili: wati kabla na wati baada. Namba hizo zisomwe kikaoni kabla ya kufikia ajenda ya manunuzi.